Chuo Kilichofunguliwa Siku ya Arobaini

(Hotuba ya Mheshimiwa Karisa Kaviha, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Vyuo na Majengo ya Kale, aliyoitoa Mtongwe, Likoni, Jumapili tarehe 23 Oktoba 1988, kuanzia saa nne asubuhi mpaka alipozuiwa. Imeandikwa neno kwa neno na mimi karani wake, Philister, kwa amri yake mwenyewe kwamba nisiache hata kikohozi. Yaliyo ndani ya mabano ni ya watu waliokuwapo, na machache ni yangu.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Tarafa, ambaye amechelewa. Mheshimiwa Diwani, ambaye ametuma udhuru. Msaidizi wa Mheshimiwa Diwani, ambaye ametumwa kuleta udhuru huo na mwenyewe akapata udhuru njiani. Waheshimiwa wazee wa mitaa yote kuanzia Shika Adabu mpaka hapa Mtongwe. Viongozi wa dini zote zilizosajiliwa, na wale ambao maombi yao bado yanashughulikiwa. Akina mama, nguzo za taifa. Akina baba, paa la nguzo hizo. Vijana, viongozi wa kesho, na kwa kuwa leo si kesho naomba mnyamaze. Wageni walioalikwa, wageni wasioalikwa, na wale ambao hawajui kama wamealikwa ama vipi. Mabibi na mabwana, hamjambo!

(Watu wapatao mia tatu, walioketi mikekani uani na chini ya turubai, wakainua vichwa. Mwalimu Rashid, imamu wa mtaa, alikuwa anatoa juzuu thelathini sandukuni na kuzigawa ili hitma ianze kusomwa. Ilikuwa arobaini ya Mzee Mwidani, mwenye nyumba. Mheshimiwa alikuwa ameshapanda barazani na viatu vyake, juu ya mkeka, akaitwaa maikrofoni mkononi mwa Mwalimu. Mwalimu akasema taratibu, "Mwacheni mgeni. Huenda ana neno la kuwapa pole wafiwa." Mimi nilijua ni hitma tangu langoni. Nikamvuta mheshimiwa koti. Akaniambia nisimkunje.)

Hamjambo tena! (Wachache: "Hatujambo.") Hiyo ni sauti ya watu mia na mimi nawaona mko mia tatu, lakini kamati yangu imezoea kufanya kazi na upungufu wa asilimia sitini na sita nukta sita, kwa hiyo tutaendelea. Ndugu wananchi, mimi nimehutubia Mishomoroni, nimehutubia Mtopanga, nimehutubia Kiembeni mvua ikinyesha na watu wawili tu wamebaki, mmoja wao akiwa mwenye kiti nilichokalia, lakini sijapata kuona, na hapa naomba karani aandike kwa wino mzito, sijapata kuona mapokezi kama haya. Nimeshuka garini nikakuta turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na kule nyuma nikahesabu mwenyewe sufuria tisa za pilau ziko motoni. Nikakuta ubani unafukizwa. Ubani, ndugu zangu, kwa ajili ya mtu mnyenyekevu kama mimi! Na kilichonigusa zaidi ni kwamba kila mzee aliyeketi hapa ana kijitabu mkononi. Chuo chenyewe sijakifungua, na watu wameshaanza kusoma. Hiyo ndiyo kiu ya elimu ninayoiandikia ripoti kila mwaka. Yule mama pale nyuma analia, nimemwona. Lia, mama! Machozi ya furaha hayana aibu.

(Yule mama alikuwa dadake marehemu. Akazidi kulia. Dereva wetu akapiga makofi peke yake, mpaka Matano, mpishi wa shughuli, akamwonyesha mwiko.)

Sasa, bila ya kupoteza wakati, ambao kama mjuavyo ni mali ya serikali, ningependa kuchukua fursa hii adimu, na fursa nyingine itakayofuata baada ya hii, kuwaeleza kwa kirefu na kwa mapana... Naam? Ni nani huyu anayesimama mbele yangu? (Alikuwa Waridi, binti mkubwa wa nyumba, mwanamke mtu mzima, ametoka ndani na leso zake mbili. Akasema, "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni Waridi. Mamangu, Bi Mwanatatu, yumo ndani, auliza mbona hukubisha hodi. Na viatu, ukipenda.") Marahaba, binti. Kamwambie mama kwamba hodi ni ya watu binafsi. Kamati haibishi hodi, kamati hufika. Na viatu hivi viko safarini kikazi, siwezi kuvivua pasipo kumbukumbu za kikao. Tena mwambie atoke nje na funguo, maana kuna zoezi la makabidhiano katika ajenda, namba saba. ("Mama hatoki nje," akasema Waridi. "Sababu yake naona waijua, ndiyo ukaja.") Naijua, naijua sana. Ni ile haya ya wanawake wa Pwani. Tutaifanyia semina.

(Waridi akanitazama mimi. Nikatazama daftari langu. Nilikuwa na aibu, na sikuwa na pa kuiweka.)

Nije kwenye historia, kwa sababu mkataa kwao ni mtumwa, na nyumba isiyojua kwao ni ghala. Jumba hili lililo nyuma yangu, ambalo nyinyi kwa kukosa utafiti mmezoea kuliita kwa Mzee Mwidani, ni jumba la kale mno. Sabkomiti yangu ya utafiti, ambayo ilikuwa na wajumbe wawili, mimi na dereva, ilikaa siku nzima ndani ya gari upande wa pili wa barabara ikilitazama, na ikagundua kwamba lilijengwa kati ya mwaka 1100 na mwaka 1900, yaelekea wakati wa asubuhi, na mfalme mmoja ambaye jina lake tumelihifadhi kwa sababu za kiusalama. Baraza hili nililosimama lilikuwa mahakama yake. Shimo lile pembeni, lenye ukuta mfupi, lilikuwa jela ya chini kwa chini. ("Ni choo," akasema Matano.) Choo cha jela. Na mkiutazama ukuta ule wa kushoto mtaona umelala kidogo kuelekea Kilindini. Mtu asiye na elimu atasema umepinda. Mtaalamu atawaambia hiyo ni sanaa ya Kiajemi: ukuta umeinama ili kuipa bahari heshima yake.

(Hapo wazee wakacheka ndani ya kanzu zao. Mmoja akasema, "Bahari gani? Ukuta huo ni kazi ya Boga.")

Boga yupi? Sultani Boga? ("Fundi Boga. Alikuwa chongo, na kamba ya kupimia hataki, apima kwa jicho lake hilo moja. Babake Mwidani akamwambia, fundi, ukuta wapinda. Boga akamjibu, sogea huku nilipo mimi, utauona umenyooka.") Karani, andika: Boga, mhandisi wa Kiajemi.

(Waridi akatoka tena. Safari hii hakuamkia. Akasema, "Mamangu asema kama ni historia, andikeni na hii. Mawe ya nyumba hini babake Mwidani aliyachukua pwani kichwani, yeye na mkewe. Chokaa ikachomwa papa hapa uani. Chumba cha kwanza ni cha mwaka wa nzige. Cha pili kilijengwa alipoolewa yeye Mama, na cha tatu watoto walipokuwa wanalala miguu nje. Na barazani hapo ulipokanyaga na viatu, amewafundisha wasichana wa mtaa mzima kushona kofia, miaka arobaini na mitatu, wala hakutaka kibao." Wanawake wakapiga kigelegele kimoja, kisha wakakumbuka ni hitma wakakikata. Hayo nimeyaandika yote, maana ndiyo historia pekee niliyoisikia siku hiyo.)

Shukrani kwa mchango huo, tutauweka kwenye kiambatisho. Kofia ni nguo, nguo ni idara, na kwa mamlaka niliyopewa na niliyojiongezea, namteua mama huyo sasa hivi kuwa Mkuu wa Idara ya Nguo, bila mshahara na bila chumba, kwa sababu vyumba vyote vina mipango yake. Na hapa ndipo nafika kwenye kiini cha hotuba, ambacho watu wengi hukikimbilia mapema. Chuo cha Ufundi, Ustadi na Uongozi cha Pwani ya Kusini, ninachokifungua leo rasmi, kimekuwa kikilitumia jumba hili tangu Januari. Kina wanafunzi mia sita na arobaini. Kina idara kumi na moja, na ya kumi na mbili inayochunguza zile kumi na moja. Wahitimu ni mia mbili na kumi na wawili, na wote wameajiriwa, isipokuwa wale ambao bado wanatafuta kazi. Kwa takwimu zangu mwenyewe, asilimia mia moja na nne ya vijana wa Likoni wamefaidika, hiyo nne ikiwa imevuka feri kutoka kisiwani. Chumba cha kwanza ni maabara. Cha pili ni maktaba. Na cha tatu, kile chenye upepo mzuri, ni ofisi ya prinsipali, ambayo mke wangu, kwa moyo wa kujitolea, ameshaipima mapazia ya rangi ya maziwa.

("Kumbe ni mkeo!" akasema Waridi. "Alikuja wiki jana na futi, akapima madirisha bila hata kutwambia hamjambo. Tangu siku hiyo Mama hajafumba jicho. Nami ndiye nilalaye chumba hicho, na tangu Januari sijaona mwanafunzi hata mmoja.")

Hutawaona, binti. Wanafunzi wa awamu ya kwanza wanasoma kwa njia ya posta. Hiyo ndiyo teknolojia. Lakini awamu ya pili inaanza kesho Jumatatu saa mbili kamili, na itahitaji vyumba vyote vitatu viwe vitupu, na kwa hivyo kamati inaiomba familia, kwa upendo mkubwa na kwa askari wawili, iondoe vitanda, vyombo, kuku, na yule mama mwenye haya, kabla ya jua kutua leo. (Juzuu zikafungwa mapajani. Ndani ya nyumba nikasikia kitu kimeanguka, kama kikombe.) Najua mtaniuliza, kwa idhini ya nani? Hilo ni swali zuri, ningependa lingeulizwa mkutano ujao, lakini nina jibu. Kwa idhini ya mwenyewe Mzee Mwidani! Karani, lete lile faili la kijani. Hii hapa, ndugu wananchi, hati ya kukabidhi jumba, yenye sahihi ya mzee, mhuri wangu, na doa la chai. Soma tarehe, Philister, ili hata walio karibu na sufuria wasikie.

(Nikasoma: Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1988.)

Tarehe tatu Oktoba! Siku hiyo mzee alikuja mwenyewe ofisini kwangu Mtopanga. Alivuka feri kwa miguu yake miwili. Mzee mwenye afya njema, mtulivu, hana papara, amevaa nguo nyeupe safi isiyokuwa na kola wala mfuko. Tukanywa chai, yeye vikombe viwili, akala na mahamri matatu. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu ya upepo wa feri, akaniambia, "Mwanangu Karisa, nyumba ile mimi sina haja nayo tena. Nilipo pananitosha." Akatia sahihi, akaondoka bila kelele. Wazee kama hao hawapatikani siku hizi.

("Subhanallah," akasema mtu. Kisha wakaanza kuhesabu kwa vidole, mmoja, wawili, halafu uani kote. Watu wa hitma hawahitaji kalenda ya ukutani. Wameihesabu ya tatu, wameihesabu ya saba, na usiku mmoja baada ya mwingine wameifikia hii ya leo.)

Nawaona mnahesabu vidole. Vizuri sana! Hesabu ni somo la lazima chuoni. Na sasa, ili kuondoa wasiwasi wote, naomba mzee mwenyewe, ambaye bila shaka ameketi hapa kati yenu kwa unyenyekevu wake, asimame tumwone. Mzee Mwidani! Simama, mzee wangu! Usione haya! Kama kuna mtu amemkalia nguo amwachie. Tumpigie makofi ya kilo. Simama, Mzee Mwidani, simama!

(Mwalimu Rashid akaibusu juzuu yake, akaiweka sandukuni, akasema bila kupaza sauti, "Mheshimiwa, Mzee Mwidani hatasimama mpaka siku ya kufufuliwa. Leo ni arobaini yake.")

Arobaini ya nini? ("Ya kufa kwake.") Amekufa? Lini? Kwa ruhusa ya nani? ("Tarehe kumi na nne Septemba, Jumatano, baada ya alasiri. Nimemwosha kwa mikono yangu hii.") Septemba. Septemba ina siku thelathini. Kumi na nne kutoa... hapana, kuongeza... (Maikrofoni ilikuwa wazi. Hesabu hiyo ilisikika mpaka kivukoni.) Philister, mtu akifa tarehe kumi na nne Septemba, tarehe tatu Oktoba anakuwa na siku ngapi? (Nikasema: Ishirini, mheshimiwa.) Ishirini. Ishirini kamili.

("Siku ya ishirini, na chai vikombe viwili," akasema Matano. "Na mahamri matatu. Wallahi nimepika maisha yangu yote, sijapata kumwamsha mtu kwa mahamri. Nani aliyeyapika hayo, nikamwombe kazi?" Hapo hata dadake marehemu, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akacheka ndani ya leso yake, akamwomba Mungu radhi, akacheka tena.)

Tulieni, tulieni! Ndugu wananchi, hili ni kosa la uchapaji. Karani wangu, ambaye nimemvumilia kwa miaka sita, amechapa tarehe vibaya. (Nikasimama. Nikasema: Nilichapa ulichonitajia, mheshimiwa. Na sahihi uliitia wewe kwa mkono wa kushoto, ukasema wazee ndivyo wanavyoandika. Zahanati niliichapa, shule ya watoto niliichapa, na leo nimechoka. Nikaketi, lakini safari hii niliketi mkekani, karibu na wanawake. Bibi mmoja akanisogezea mto.) Hayo yatashughulikiwa ofisini. Ninachosema ni kwamba... poleni! Poleni sana! Kumbe ndilo lililonileta. Hotuba yangu yote tangu mwanzo ilikuwa rambirambi, ila nilikuwa bado sijafika kwenye msiba wenyewe. Na kwa kuwa mzee hayupo, na nyumba kubwa ni mzigo kwa mama mpweke, kamati kwa huruma yake itamhamisha mjane leo hii, imtafutie chumba kimoja Changamwe chenye dirisha.

(Mwalimu Rashid akasema, "Mjane yumo katika eda. Miezi minne na siku kumi hatoki katika nyumba ya mumewe, wala hatolewi. Zimepita siku arobaini tu.")

Basi kamati inaipunguza eda hiyo iwe wiki mbili. Mimi nimepunguza kozi ya miaka mitatu ikawa alasiri moja, itakuwa eda? ("Ipunguze," akasema Mwalimu Rashid. "Ukimaliza upunguze na Ramadhani, iwe siku nane.") Hilo laweza kujadiliwa. (Wazee wote wakasimama kwa pamoja. Mheshimiwa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa Boga, akasimama amepinda nao.) Pendekezo limeondolewa! Kaeni, wazee wangu, limeondolewa na halikuwahi kutolewa. Tuzindue kibao tu, niwahi feri. Kibao kiko pale chini ya kitambaa cha buluu. Moja, mbili, tatu, na sasa natamka kwamba... Kibao kiko wapi?

(Kitambaa kilianguka, na chini yake palikuwa na viti viwili vilivyosimamishwa. "Wauliza lile bati?" akasema Matano. "Sufuria ya tisa haikuwa na kifuniko, nami bati nimelikuta limesimama bure. Nimeifunikia pilau, nikaweka makaa juu." Akalileta kwa matambara mawili, linafuka moshi. Maneno CHUO CHA UFUNDI yalikuwa yamebabuka yote kwa moto. Chini yake, kwa rangi nyekundu, pakasomeka ZAHANATI YA MTOPANGA. Mzee mmoja aliyekuja hitmani kutoka huko ng'ambo akaruka. "Ndiyo hii! Jamani, mwaka wa tatu huu sisi twaitafuta zahanati, kumbe imefichwa chini ya rangi!" Matano akakwaruza pembeni kwa mwiko, ikaonekana SHULE YA CHEKE. Hakuendelea. "Pilau ya sufuria hiyo yanuka rangi," akasema. "Sijui nani ataila.")

Ndugu wananchi, muda hauko upande wangu. Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hapewi. Nawashukuru watu wa Mtopanga kwa subira yao. Nawashukuru wa Kiembeni mapema, kabla hawajaja. Namshukuru Kioko, fundi wa kuandika vibao, ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kupata kazi katika chuo hiki. Nawashukuru wanafunzi wangu mia sita na arobaini, ambao tangu Januari hawajagoma hata mara moja, wala kuvunja dirisha, wala kuzaliwa. Namshukuru mke wangu kwa mapazia, na kama maikrofoni hii inafika kivukoni, namwomba ageuze lile lori la makochi na kabati analokuja nalo, arudi nyumbani. Prinsipali hatahitaji ofisi yenye upepo, kwa sababu prinsipali ni mimi, na ofisi ilikuwa ni ya kulala. Na namshukuru marehemu Mzee Mwidani kwa chai ambayo hatukunywa. Elimu juu! (Kimya.) Maendeleo juu! (Dereva wetu alikuwa ameshavua viatu zamani na kuketi karibu na sufuria ya tatu.) Kamati juu! ("Wewe chini!" Sauti ya mwanamke.) Asanteni sana.

(Akataka kushuka. Waridi akasimama mbele yake. "Mama asema hujamaliza. Asema hapa kuna watu mia tatu, na kila mmoja ana masikio. Ulisema kwa maikrofoni nyumba hini ni ya kamati. Sasa sema kwa maikrofoni iyo hiyo ni ya nani.")

Jumba hili, kwa mujibu wa ripoti ambayo bado... ("Ya nani?") Kwa upande mmoja, kihistoria... ("Ya nani?" Safari hii waliuliza wote.) Ni ya familia. ("Jina, mheshimiwa," akasema Mwalimu Rashid.) Ni nyumba ya Bi Mwanatatu na wanawe. Bi Mwanatatu ndiye mwenye nyumba. Karani, andika hivyo.

(Nimeandika. Kwa wino mzito.)

Basi nipisheni nishuke. ("Mtu haondoki kwenye arobaini hajala, ni aibu kwetu," akasema Mwalimu Rashid. "Lakini mwenye nyumba bado hajakukaribisha. Nawe wajua kwa nini.") Hodi. (Kimya.) Hodi! (Kutoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya bibi mzee, nyembamba lakini haitetemeki: "Nani?") Mimi ni Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Vyuo na Majengo ya... ("Nani?") Mwenyekiti Karisa Kaviha wa... ("Nani?") Shikamoo, mama. Ni mimi. Karisa.

("Marahaba, Karisa. Karibu. Vua viatu, ukae mkekani na wenzio. Waridi, mpakulie mgeni. Ile ya sufuria ya tisa.")